Mnataka mwamuzi bora kwa nauli ya bodaboda?

KILA Jumatatu kwenye vijiwe vya Kingolwira, kuanzia kule stesheni ya reli hadi huku barabarani yanakopita mabasi ya Dar, mada ni ileile. Refa kauza mechi. Refa kanunuliwa. Refa hajui kitu, katumwa huyo. Watabishana weee mpaka kahawa inaisha. Sijasikia hata siku moja mtu akiuliza kitu kidogo tu: huyo refa mwenyewe, Jumatatu hii saa nne asubuhi, yuko wapi?

Yuko kazini, bana. Anafundisha hesabu darasa la sita. Yuko lindoni. Anapima nondo kwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Msamvu. Jana alikimbia dakika 90 juani, akatukaniwa mama yake na watu wazima wenye wajukuu, akarudi kwake na posho isiyofika hata bei ya viatu alivyovaa. Leo asubuhi bosi wake hataki kujua kama jana kulikuwa na penalti au hakukuwa na penalti. Anataka kazi.

Huyo ndiye tunayemtaka aone kwa jicho moja kile ambacho kamera sita za televisheni zinakiona kwa kurudiarudia.

Tuanze na mifano mikubwa ili mtu asiseme nazungumzia mechi za mchangani tu. Januari 18, 2022, pale Yaoundé, Cameroon, Zimbabwe iliifunga Guinea 2-1 kwenye AFCON. Mechi yenyewe wengi tumeshaisahau. Aliyeshika filimbi siku ile hatumsahau: Salima Mukansanga wa Rwanda, mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati katika fainali za AFCON za wanaume. Miezi michache baadaye, Julai, akachezesha fainali ya AFCON ya wanawake pale Rabat kati ya Morocco na Afrika Kusini. Mwaka huohuo akaenda Kombe la Dunia Qatar akiwa mmoja wa waamuzi watatu wa kati wanawake walioteuliwa, pamoja na Stéphanie Frappart wa Ufaransa na Yoshimi Yamashita wa Japan. Kule hakupata mechi ya katikati, alikaa mezani Ufaransa ilipocheza na Australia. Lakini alifika.

Sasa sikiliza hii. Salima amesomea uuguzi na ukunga. Ndoto yake ya utotoni ilikuwa mpira wa kikapu, wala si soka. Huyu ni mtu aliyefundishwa kupokea watoto wanaozaliwa, halafu akajifunza kupokea matusi ya wanaume ishirini na wawili kwa wakati mmoja. Ukiniuliza mimi, hizo kazi mbili zinafanana kuliko watu wanavyodhani: zote zinataka mtu asiyetetemeka wakati kila aliyemzunguka anapiga kelele.

Mnyarwanda mwingine, Celestin Ntagungira, alikimbia na kibendera kwenye Kombe la Dunia la 2006 na la 2010, kisha akaja kuwa rais wa FERWAFA, shirikisho la soka la kwao. Kutoka pembeni ya uwanja hadi kiti cha mbele. Huku kwetu mshika kibendera akigombea hata ujumbe wa chama cha wilaya watu watamcheka.

Na Ulaya nako msiwaone waamuzi wale wamenyoosha jezi mkadhani walizaliwa na filimbi. Howard Webb, aliyechezesha fainali ya Kombe la Dunia 2010, alikuwa polisi, sajenti kabisa. Pierluigi Collina, yule Mtaliano mwenye kipara na macho ya kutisha, alikuwa mshauri wa mambo ya fedha. Ken Aston, Mwingereza aliyebuni kadi za njano na nyekundu baada ya kuziangalia taa za barabarani, alikuwa mwalimu mkuu wa shule. Kadi zilianza kutumika Kombe la Dunia la 1970, na hadi leo kila refa wa ndondo anatembea mfukoni na wazo la mwalimu.

Kwa hiyo kuwa na kazi mbili si aibu. Shida inaanza pale kazi ya pili inapokuwa ndiyo inayolisha watoto, na filimbi inabaki kuwa kitu cha kufanya ukipata ruhusa.

Kuna Mkenya mmoja lazima tumtaje hapa, hata kama inauma. Aden Marwa, mwalimu wa sekondari, mshika kibendera mzuri sana, alikuwa ameshateuliwa kwenda Kombe la Dunia la Urusi 2018. Siku chache kabla ya mashindano ikatoka video ya mwandishi wa Ghana, Anas Aremeyaw Anas, ikimwonyesha akipokea dola 600. Safari ikafa palepale, na CAF ikamfungia maisha. Dola 600! Mtu alikuwa amebakiza siku za kuhesabu kufika kilele cha kazi yake, akakiacha kwa pesa ambayo mchezaji wa akiba wa timu kubwa hapa nchini anaitumia wikiendi moja.

Simtetei. Aliyepokea kapokea. Lakini najiuliza kwa nini bei ya mwamuzi wa Afrika Mashariki iko chini kiasi kile, na nani aliyeishusha. Ukimlipa mtu kama kibarua, usishangae akija mtu mwingine na kibahasha akadhani anazungumza na kibarua.

Halafu kuna suala la usalama. Machi 2012, Azam iliifunga Yanga 3-1 pale Uwanja wa Taifa. Wachezaji wa Yanga walimzonga mwamuzi Israel Nkongo baada ya kadi nyekundu, na akapigwa. Mwamuzi mwenye beji ya FIFA, mbele ya kamera, kwenye uwanja mkubwa kuliko wote nchini. Wahusika walifungiwa, ni kweli. Lakini kama hilo linawezekana Taifa, fikiria mwamuzi wa ligi ya wilaya kwenye uwanja usio na uzio, polisi hakuna, na njia ya kutokea ni moja, na imejaa mashabiki wa timu iliyofungwa.

Sisi watu wa Morogoro tuna la kwetu. Oktoba 1, 2016, Simba na Yanga zilitoka 1-1. Aliyechezesha alikuwa Martin Saanya, wa hapahapa Morogoro. Amissi Tambwe akafunga, wachezaji wa Simba wakalia kwamba aliunawa, Jonas Mkude akaoneshwa nyekundu, mashabiki wakang'oa viti. Shiza Kichuya akasawazisha kwa kona ya moja kwa moja dakika za mwisho. Serikali ikazizuia timu zote mbili kuutumia uwanja ule, na kadi ya Mkude nayo ilikuja kufutwa. Ukiyasoma magazeti ya wiki ile utakuta Saanya kachambuliwa kama kuku wa sikukuu. Utakachokitafuta ukakikosa ni mstari mmoja unaosema alijiandaa vipi kwa mechi ile, alilala wapi, alifanya mazoezi na nani, na kazi yake ya kila siku ilimpa siku ngapi za kujiandaa. Timu zilikuwa kambini. Mwamuzi hakuna aliyeuliza.

Kinyume chake, Jonesia Rukyaa wa Kagera alichezesha dabi hiyohiyo Februari 20, 2016, Yanga ikashinda 2-0, Abdi Banda wa Simba akatolewa kwa kadi. Kabla ya hapo alikuwa ameshachezesha Simba na Yanga kwenye Nani Mtani Jembe ya Desemba 2014. Watu walitarajia mama wa watu angetetemeka. Hakutetemeka. Lakini jina lake leo kijiweni halitajwi, kwa sababu sisi tunamkumbuka refa aliyekosea tu. Aliyefanya kazi yake vizuri anasahaulika kabla daladala halijafika Msamvu.

Sasa niwatoe nje ya soka kidogo. Mtanivumilia, kwa sababu huko ndiko nilikopata hoja yangu.

Marekani wana mchezo wao wa besiboli. Hata Dar upo, vijana wa Sekondari ya Azania wanaucheza. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anaupiga kwa rungu, halafu anakimbia kwenda kituo cha kwanza, na wenzake waliosimama vituoni wanasogea mbele. Ukivizunguka vituo vyote ukarudi nyumbani, timu yako inapata pointi. Mwamuzi wa kule, miaka ya 1880, mara nyingi alikuwa mmoja tu kwa uwanja mzima. Alirushiwa chupa, alirushiwa mawe, alifukuzwa hadi stesheni ya treni. Ninyi mnaodhani fujo ni ugonjwa wa Kiafrika, someni historia hiyo. Tofauti ni kwamba wale waliona mapema kuwa mchezo hauendi hivyo. Mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1880 ligi zao zikaanza kuwaajiri waamuzi kwa mshahara, badala ya kuokota mtu siku ya mechi.

Katika kizazi kile akatokea bwana mmoja wa Chicago, Hank O'Day. Huyu maisha yake ni kama nyumba yenye milango minne. Alianza kama mchezaji, mrushaji. Mwaka 1889 aliisaidia New York Giants kutwaa ubingwa kwenye fainali za mwaka ule. Mkono ukachoka, akashika kazi ya uamuzi. Mwaka 1903, fainali za kwanza za World Series ya zama hizi zilipochezwa, yeye alikuwa mmoja wa waamuzi wawili. Mwaka 1912 akaacha uamuzi, akawa kocha mkuu wa Cincinnati. Akarudi kwenye uamuzi. Mwaka 1914 akawa kocha mkuu wa Chicago Cubs. Akarudi tena kwenye uamuzi, akaendelea hadi 1927. Amefariki 1935, na 2013 wakamwingiza kwenye jumba lao la heshima.

Hebu fikiria mtu acheze Simba, achezeshe Simba, aifundishe Yanga kwa msimu mmoja, kisha arudi kuichezesha Simba! Hapa si angeshachomewa nyumba?

Lakini sikia alichokifanya Septemba 23, 1908. Giants walikuwa nyumbani New York wanacheza na Cubs, ubao 1-1, mpira wa mwisho wa mwisho. Mchezaji wa Giants akapiga, mwenzake akarudi nyumbani, pointi, mashabiki wakavamia uwanja kushangilia. Kumbe kijana mmoja wa Giants, Fred Merkle, miaka 19, alikuwa njiani kwenda kituo cha pili, na alipoona watu wanaingia uwanjani akakata kona kwenda vyumbani bila kukigusa kituo. Sheria inasema lazima akiguse. Kila mtu alikuwa ameizoea sheria ile kama kitu cha kwenye karatasi tu. Johnny Evers wa Cubs akadai mpira, akagusa kituo, akamtazama O'Day.

O'Day alikuwa nyumbani kwa timu aliyowahi kuichezea na kuipa ubingwa. Maelfu ya watu wako ndani ya uwanja. Giza linaingia. Akasema: nje, pointi haihesabiki, mechi ni sare. Mechi ikarudiwa Oktoba 8, Cubs wakashinda 4-2, wakachukua ubingwa wa ligi yao, kisha wakabeba na World Series.

Kilichonivutia mimi si ushujaa wake. Wiki tatu nyuma, Septemba 4, huyohuyo Evers alimlilia O'Day kwa tukio la aina hiyohiyo kule Pittsburgh, na O'Day akalikataa kwa sababu hakuwa ameliona. Safari hii macho yake yalikuwa tayari. Alikuwa amelitafakari. Alikuwa na muda wa kulitafakari kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, asubuhi mpaka jioni. Hakuwa na darasa la sita linalomsubiri.

Na alikuwa amecheza. Alijua mchezaji aliyechoka anaiba hatua ngapi, anajiangusha vipi, anadanganya kwa jicho gani.

Sasa turudi Morogoro. Mkoa huu una wachezaji wastaafu wa kujaza uwanja wa Jamhuri. Mseto ilichukua ubingwa wa Tanzania 1975, nikiwa hata sijafikiriwa kuzaliwa, na wazee wa Mji Mpya bado wanausimulia kama jambo la juzi. Reli waliitwa Kiboko ya Vigogo, na jina hilo hawakulipata kwa kununua. Mtibwa kule Turiani wakabeba mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Hao wote waliokuwa wakipiga mpira wako wapi? Wachache wamekuwa makocha. Waliobaki wako vijiweni, wanatueleza jinsi waamuzi wa siku hizi wasivyojua mpira.

Mzee wangu, shikamoo, lakini kwa nini hukuchukua filimbi?

Nimewauliza baadhi yao. Jibu ni moja, wanalisema huku wakicheka: nikapigwe mawe kwa posho ile? Na hawajakosea. Mtu aliyemaliza mpira akiwa na miaka 32 anaanzia daraja la chini kabisa la uamuzi, anajilipia kozi, ananunua jezi na viatu mwenyewe, anachezesha ligi ya wilaya miaka kadhaa. Kisha kuna mtihani wa utimamu wa mwili. Ule wa kiwango cha FIFA una mbio fupi sita za mita 40, halafu mizunguko 40 ya kukimbia mita 75 na kutembea mita 25, kwa muda uliopimwa. Hiyo ni kilomita nne za kukimbia na kutembea, na ukichelewa kwenye mzunguko mmoja unaweza kurudishwa nyumbani. Hakuna anayekulipa kwa kujiandaa na hilo. Unaamka saa kumi na moja alfajiri, unakimbia barabara ya Nane Nane huku malori yanakupulizia moshi, saa moja na nusu uko kazini.

Najua kuna msomaji ameshaanza kutikisa kichwa. Ananiambia: England wamewaajiri waamuzi tangu 2001, wanalipwa vizuri, na bado kila wiki wanaboronga, tena wana VAR. Ni kweli kabisa. Mshahara haumpi mtu macho ya mwewe. Ila tofauti ni hii: mwamuzi wa England akiboronga, Jumatatu anakaa na wakubwa zake wanaitazama video, anaambiwa ulisimama vibaya hapa, ulichelewa pale, na wikiendi inayofuata anaweza kushushwa ligi ya chini. Wa kwetu akiboronga, Jumatatu anarudi kupima nondo. Somo linabaki kwenye gazeti, na gazeti linafungia maandazi.

Na usiniambie hela hakuna. Ligi Kuu yetu sasa hivi ina pesa ya televisheni, ina wadhamini, timu zinaleta wachezaji kutoka nchi ambazo zamani tulikuwa tunazisikia kwenye redio. Malalamiko ya waamuzi kucheleweshewa posho si mageni kwenye kurasa hizi. Timu inaweza kutoa bonasi ya ushindi kwa mechi moja inayotosha kumlipa mwamuzi wa kati msimu mzima. Sisemi tuajiri waamuzi mia kesho asubuhi. Tuanze na ishirini wa Ligi Kuu, mkataba wa mwaka, mshahara, bima, kituo kimoja cha mazoezi, mtu wa kuwachambua kila wiki kwa video. Anayeshuka kiwango mkataba hauongezwi. Hapo hata ukitaka kumfungia, unamfungia mfanyakazi aliyevunja masharti ya kazi yake, si mwalimu aliyeomba ruhusa Ijumaa.

Ila wakubwa wakiwa bado wanafikiria, kuna kitu Kingolwira tunaweza kukifanya sisi wenyewe bila kusubiri barua ya mtu. Mwaka hauishi bila kombe la mbuzi au kombe la diwani. Timu zinalipa kiingilio, mbuzi ananunuliwa wa kwanza, jezi za kamati zinafuata, na refa anaambiwa "tutakuona mwishoni". Mwishoni ukifika anapewa nauli ya bodaboda, na kama timu ya mwenyekiti wa mashindano imefungwa, hata hiyo haipati. Ligi ijayo, kabla mbuzi hajanunuliwa, fedha ya waamuzi wa mechi zote itengwe na iandikwe kwenye karatasi inayobandikwa ofisi ya kata, kila timu iione. Na kila timu inayotaka kushiriki ilete jina la mchezaji wake mmoja mstaafu atakayekwenda kozi ya awali ya uamuzi, ada ikitoka kwenye kiingilio hichohicho.

Timu isiyo na jina la kuleta isicheze. Kama ina wachezaji 20 wanaojua kumlaumu mwamuzi, haiwezi kukosa mmoja wa kuwa mwamuzi.